Majiko ya Ukuta wa Kaskazini

Buibui alipanda ukuta wa mgodi kwa miguu yake minane ya chuma, akasimama, akaweka tumbo juu ya mwamba kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Kimya. Wageni mia moja na ushee waliopangwa kwenye jukwaa la kutazamia wakanyamaza nao. Kisha keekee ikachomoza tumboni mwa buibui, ikazunguka, ikazama mita tano, kumi, kumi na tano. Alipoichomoa, mvuke ulifoka kwa mluzi uliowafanya wageni wazibe masikio. Ulipanda mweupe, ukatawanyika juu ya vilima vya Songwe, na mluzi ukafifia mpaka ukawa pumzi tu.

Wakapiga makofi. Wageni wa Ilasya walikuwa wanapiga makofi kila wiki.

Shimo la Ilasya lilikuwa na kina cha mita mia sita. Ndani yake mlitoka niobi, madini yanayotiwa kwenye chuma cha vyombo vya angani, na kila aliyekuwa na chombo cha kurusha aliyataka. Shida ilikuwa kwamba niobi hiyo ilikaa juu ya moto. Chini ya bonde lile maji yamejificha kwenye mwamba yakiwa na joto la nyuzi mia mbili na zaidi, na hayachemki kwa sababu uzito wa mwamba umeyakalia. Ukichimba, unauondoa ule uzito. Ni sawa na kufungua mfuniko wa sufuria ya presha wakati jiko bado linawaka. Maji yale yote hugeuka mvuke kwa mara moja, na ukuta mzima unaruka. Zamani watu walikufa hivyo, tena wengi, mpaka Msikivu alipotengenezwa.

Msikivu ndiyo ilikuwa akili ya mgodi. Haikuwa na uso wala mikono. Ilikuwa na sindano elfu tatu zilizochomekwa kwenye mwamba, kila moja ikipima joto na msukumo, na ilikuwa na buibui arobaini wa kutoboa mashimo ya pumzi pale ambapo mvuke umejaa. Miaka saba hakufa mtu Ilasya. Bango la langoni lilihesabu siku, na kampuni ililiosha bango hilo kuliko ilivyoosha vyoo vya wafanyakazi.

Injinia Subilaga Mwandemele, mhandisi wa joto, ndiye aliyekuwa anawaeleza wageni haya yote. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwenye sauti ya ualimu na kofia ngumu iliyomlegea kichwani.

"Na ule ukuta wa kaskazini?" aliuliza mgeni mmoja siku hiyo. "Mbona hauna buibui?"

"Umepoa wenyewe," alijibu Subilaga. "Mwaka wa kwanza ulikuwa na mashimo ya pumzi arobaini. Msikivu imeyafunga kidogo kidogo kwa kuwa hayahitajiki. Shimo la pumzi lisilohitajika linakula mwamba bure na kusimamisha kazi. Sasa yamebaki sita. Sindano nazo tumezihamishia kwenye kuta zenye kelele."

Wageni wakaandika. Subilaga mwenyewe aliamini kila neno alilosema, na hilo ndilo linalouma.

Sasa, niwaambie jambo ambalo wageni hawakuambiwa. Mgodi wote ule ulikuwa na watu arobaini na wawili tu, wengine wote ni mashine. Watu walipopungua chini ya hamsini, kampuni ilifunga mgahawa. Kanuni zao zilisema watu hamsini ndiyo mgahawa, chini ya hapo ni pakiti. Basi, mafundi wa buibui wakawa wanashuka asubuhi na pakiti ya uji mkavu, unatia maji, unakoroga, unameza huku umefumba macho. Mtu mzima, baba wa watoto, anashinda shimoni saa kumi na mbili na uji wa pakiti! Hata mbwa wa mlinzi alikuwa anakula ugali.

Kaka yake Subilaga, Ambakisye, ndiye aliyekuwa fundi mkuu wa buibui, na hakuwa mtu wa kuvumilia uji. Buibui akiharibika huletwa kwa fundi, fundi anamtengeneza, halafu lazima amjaribu keekee kabla ya kumrudisha kazini. Akiwa kwenye matengenezo buibui haongei na Msikivu, na Msikivu haimwoni. Shimo la majaribio halina haja ya kuandikwa popote. Na karakana ya mafundi ilikuwa wapi? Ilikuwa benchi ya chini, yaani ngazi ya mwisho ya shimo, mguuni mwa ukuta wa kaskazini.

Kwa hiyo shimo la kwanza la majaribio, la mita tisa, lilipotoa mvuke mtulivu na wa moto, Ambakisye aliliangalia, akalizungushia mawe matatu, akateleka chungu cha maharage. Saa sita mchana maharage yalikuwa yameiva yamekuwa laini kama siagi. Wiki iliyofuata wakaivisha magimbi. Mwaka haujaisha, kila fundi alikuwa na jiko lake, na jiko likipungua nguvu, buibui mwingine anajaribiwa kando yake. Yalifunikwa kwa vipande vya turubai la rangi ya mwamba. Ukipita bila kujua huoni kitu.

Subilaga alijua. Angekosaje kujua? Alhamisi zote alishuka kukagua, na Alhamisi zote kaka yake alimpakulia.

"Kula, mdogo wangu," Ambakisye alikuwa anamwambia. "Huko juu mnakula pamoja na kompyuta, mnakonda kama nyaya."

"Kaka, siku moja mtanimwagisha unga."

"Nani atasema? Msikivu yako? Inasikia mwamba, haisikii harufu."

Wakacheka wote. Akala, akaramba na kijiko.

Mwezi wa tatu alikuja mkaguzi kutoka wizarani, Bwana Rwechungura, mtu mwembamba mwenye mkoba wa ngozi na pua ambayo haikuwa na mchezo. Hakutaka jukwaa. Alitaka kushuka, na hakupiga simu kwanza. Subilaga alimfuata nyuma akimwomba Mungu huyo mkaguzi awe amevaa viatu vibovu achoke njiani. Hakuchoka. Walipofika benchi ya chini, alisimama ghafla akanusa.

"Injinia," alisema, "haya ni maharage."

Ambakisye alikuwa amesimama hatua kumi kutoka hapo na mwiko mkononi. Hakuwa na mahali pa kuuficha. Nyuma yake turubai moja lilikuwa limefunuliwa, mvuke ukipanda, chungu juu yake.

"Na hizi ni nini?" Mkaguzi akainama. "Mashimo?"

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Subilaga aliona sura za wale mafundi kumi na wawili, moja baada ya nyingine. Kutoboa ukuta bila kibali lilikuwa kosa la kufukuzwa siku hiyohiyo, na aliyefukuzwa Ilasya haajiriwi tena kwenye mgodi wowote. Alimwona kaka yake, aliyembeba mgongoni kwenda shule mwaka mto ulipojaa.

"Nyufa, bwana mkaguzi," alisema. "Nyufa za asili. Zimejitokeza baada ya lile tetemeko dogo la mwezi uliopita. Mafundi wamekuwa wakipashia chakula hapo. Nitawakemea."

"Ufa wa mviringo?"

"Mvuke unaula ukingo, unauviringisha. Ni kawaida."

Si kawaida hata kidogo. Lakini aliyesema ni mhandisi wa joto, na mkaguzi alikuwa mtu wa sheria, si mtu wa miamba. Akaandika.

"Zibeni zote kwa saruji. Ziingizwe kwenye kumbukumbu za mashine. Nisikute hata moja."

Alipoondoka, mafundi walimwangukia Subilaga kwa shukrani. Mmoja wao, mzee wa Kinyakyusa asiyesema sana, alimshika mkono kwa mikono miwili akarudia, "Ndaga fijo, ndaga fijo," yaani asante sana, mpaka Subilaga akaona haya. Kisha ndugu wale wawili waliketi karakanani kujaza fomu ya Msikivu.

"Ni ngapi?" aliuliza Subilaga.

"Sitini na moja."

"Kaka! Sitini na moja?"

"Miaka saba, Suba. Tulikuwa na njaa."

"Kina?"

Ambakisye akafikiri. "Andika mita moja. Ukiandika tisa watajua ni keekee."

"Na umri?"

"Umeshasema tetemeko. Andika siku ishirini na tano."

Akaandika. Nyufa za asili, sitini na moja, kina mita moja, umri siku ishirini na tano. Msikivu ilipokea bila neno. Haikufundishwa kuwashuku watu. Siku tatu baadaye mabomba ya saruji yalishushwa, na majiko yote yakazibwa mpaka juu, yakalainishwa kwa mwiko wa mwashi.

Umeshaelewa? Subilaga hakuelewa, na yeye ndiye aliyesomea. Ukuta wa kaskazini haukupoa wenyewe hata siku moja. Ulikuwa unapumulia majikoni. Kila chungu cha maharage kilichotelekwa pale kilikuwa kimekaa juu ya shimo la pumzi, na Msikivu, isiyojua lolote, iliona msukumo unashuka, ikajipongeza na kufunga mashimo yake halali, moja baada ya jingine. Sasa ya halali yamefungwa, na ya haramu yamefungwa. Yamebaki sita ya kupambia.

Sindano tatu tu ndizo zilizokuwa zimebaki ukuta ule. Vipimo vyake vilianza kupanda siku ya nne. Msikivu ilizisoma, ikakumbuka kwamba ukuta huo ni wa baridi, ikaangalia nje ikaona mvua za masika zimeanza, ikaandika: ongezeko dogo kutokana na maji ya mvua. Subilaga alisoma taarifa hiyo kila asubuhi akiwa na kikombe cha chai.

Siku ya kumi na moja, saa sita na dakika ishirini mchana, redio yake ililia.

"Suba!" Ilikuwa sauti ya Ambakisye, imejaa kicheko. "Usikasirike. Tumejaribu buibui mmoja leo."

"Kaka, usiniambie."

"Kamoja tu. Uji umewashinda vijana. Lakini hebu sikiliza maajabu! Hata kuteleka hatujateleka vizuri, mvuke umerusha chungu mpaka upande wa pili wa benchi. Chungu kizima na maji yake! Miaka yote sijaona jiko lenye nguvu hivi. Hapa hata ng'ombe mzima anaiva."

Nyuma yake watu walikuwa wanacheka. Subilaga hakucheka. Aliweka kikombe mezani. Shimo la mita tisa, ukuta wa baridi, linarusha chungu? Ukuta wa baridi hauwezi. Halafu neno lile la kaka yake likamrudia, miaka yote. Akavuta kibao cha maandishi.

Aliandika haraka, bila kujali herufi: Zile nyufa sitini na moja za ukuta wa kaskazini si nyufa. Ni mashimo ya keekee. Kina mita tisa. La kwanza lina miaka saba. Yote yamezibwa siku nane zilizopita. Piga hesabu upya.

Msikivu ilichukua sekunde mbili. Kwa mashine ile, sekunde mbili ni muda mrefu sana.

Ondoa watu wote benchi za chini, ilijibu. Ukuta wa kaskazini utapasuka. Muda uliobaki ni kati ya dakika nne na dakika hamsini.

King'ora kikalia shimo zima. Subilaga akaikamata redio kwa mikono yote miwili.

"Kaka, tokeni! Pandeni gari, tokeni sasa hivi!"

"Kuna nini? Mkaguzi karudi?"

"Hakuna mkaguzi! Ukuta unapasuka! Panda gari!"

"Sawa, sawa, tunapanda." Akasikika akiwaita wenzake, milango ya gari ikifunguka. Kisha sauti yake ikashuka, ikawa karibu, kama ya mtu anayeficha mdomo kwa kiganja. "Suba, huu ukuta ukiguswa watakuja watu wengi. Watalikuta hili jiko jipya na buibui juu yake. Wewe ndiye uliyesema ni nyufa."

"Kaka, liache!"

"Watakuumbua. Nakwenda kulifunika na kumwondoa buibui. Tuko watatu. Dakika mbili tu."

"Sitaki! Ambakisye, sitaki, nakuambia sitaki!"

Alimwita kwa jina, yeye ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumwita ila kaka. Redio ilikuwa imeshawekwa chini. Alichosikia ni upepo, na turubai likiburutwa, na mtu akisema leta udongo.

Gari lilipanda na watu tisa. Lilikuwa limefika benchi ya ishirini ukuta wa kaskazini ulipovimba, ukapasuka, ukamwagika. Wachimbaji wa zamani wanasema mlio wake ni kama radi. Subilaga alisema haukuwa kama kitu chochote anachokijua. Mvuke ulifunika shimo siku mbili. Ulipoondoka, benchi ya chini haikuwepo, ilikuwa imefukiwa kwa kina cha ghorofa ishirini, na mwamba ule bado ulikuwa unatokota. Wale watatu hawakupatikana. Kilichozikwa kwao Kyela ni suruali ya kazi ya Ambakisye, ile ya akiba, iliyokuwa imekunjwa kabatini.

Tume ikaundwa. Na hapa, jamani, kila mtu alikuwa na raha. Kampuni ilisema nyufa za asili, tetemeko, kazi ya Mungu. Mkaguzi alisema nyufa za asili, naye aliagiza zizibwe kwa mujibu wa kanuni. Watengenezaji wa Msikivu walisema mashine ilipewa taarifa za nyufa za asili, ikakokotoa sawasawa. Wafiwa waliambiwa ndugu zao ni mashujaa, na jiwe likachongwa langoni, majina matatu, la Ambakisye likiwa juu. Bango la kuhesabu siku lilirudishwa sifuri, likaoshwa, likaanza upya.

Subilaga ndiye aliyekuwa hana usingizi. Msikivu ilikuwa imeuzwa kwenye migodi mingine minne, na mafundi wa migodi yote minne walifundishwa kazi na kaka yake. Alikuwa anawapeleka karakanani miezi mitatu, anawafundisha kufungua tumbo la buibui, kubadili meno ya keekee, na mwisho wa mafunzo, kuteleka. Yale maandishi ya haraka aliyoandika Subilaga mchana ule yalikuwa yamefutwa na mawakili kama maneno ya mtu aliyechanganyikiwa. Msikivu ilirudishwa kuamini nyufa.

Kabla ya kwenda mbele ya tume alikwenda kwa wifi yake, Sekela, mke wa Ambakisye. Alimkuta anachambua mchele uani, kitenge cheusi kimefungwa kifuani. Akamweleza yote bila kuficha. Sekela hakuacha kuchambua.

"Ukisema hivyo," alisema Sekela, "mume wangu si shujaa tena. Ni mtu aliyetoboa ukuta ukawaua wenzake."

"Wifi, kuna watu kule kwingine wamekaa juu ya hatari hiyohiyo."

"Mimi sina watu kule kwingine. Wewe unao?"

"Sina."

"Basi niachie jina lake. Mwili sikupewa. Niachie jina." Hapo akainua macho. "Nakuomba, wifi. Naomba kwa magoti kama unataka, nitapiga."

Subilaga aliondoka. Kesho yake alisimama mbele ya tume akasema yote: majiko, keekee, mita tisa, miaka saba, na mkono wake mwenyewe uliojaza fomu. Alijitaja wa kwanza. Haikusaidia. Magazeti hayakuwa na haja na mhandisi aliyedanganya, yalikuwa na haja na fundi aliyepika. MAHARAGE YAUA WATATU, yaliandika. Jiwe la langoni likang'olewa kwa winchi asubuhi moja, mbele ya watoto wa Sekela waliokuwa wanakwenda shule.

Msikivu ilipopewa ukweli ilizikagua upya kuta zote za migodi minne kwa siku moja. Kwenye migodi miwili yalikutwa majiko, mmoja ishirini na matatu, mwingine thelathini na manane. Buibui walitumwa, mashimo ya pumzi yakafunguliwa, hakufa mtu. Mafundi wa kule wakafukuzwa wote kwa kutoboa bila kibali. Mgahawa haukufunguliwa popote. Mashine iliongezewa uwezo wa kumsikia buibui hata akiwa kwenye matengenezo, na wageni wakaendelea kupiga makofi.

Siku ya arobaini Subilaga alikwenda Kyela na kilo za sukari na mchele, kama ndugu anavyopaswa. Watu walikuwa wamejaa uani. Walipomwona walisogea kumpisha, si kwa heshima. Sekela alitoka jikoni akifuta mikono, akasimama mlangoni kabla mgeni hajavuka kizingiti. Alikuwa mtulivu, hakupaza sauti, na kila mtu alimsikia.

"Wifi, mimi sina ugomvi na ukweli," alisema. "Nimeuwaza siku zote hizi, nimeona ulikuwa lazima usemwe. Ila mume wangu alipokuwa hai ulimsemea uongo, na alipokufa ukamsemea kweli. Mimi nakuuliza tu. Kwa nini hukuanza na ile kweli?"

Subilaga alisimama hapo na mzigo wake wa sukari, na hakuna hata mmoja, kati ya watu wote wale, aliyempokea.